Habari za Kupima Nyuzinyuzi katika Chakula cha Mifugo

Ndugu Wanachama,

Mkulima wa bonde la Mbwemkuru hahitaji kufundishwa maana ya mizani: kilo zikipunjwa ghalani, jasho la mwaka limepotea. Lakini mashudu na pumba tununuazo huweza kutupunja hata mizani ikiwa ya haki, maana gunia la maganda huweza kuwa na uzito ule ule wa gunia la chakula chenyewe.

Elimu ya kuyatambua maganda hayo ilipata njia yake mashuhuri Ujerumani. Katika miaka ya 1860, Wilhelm Henneberg na Friedrich Stohmann, wa kituo cha Weende karibu na mji wa Göttingen, walichemsha chakula kilichosagwa katika asidi hafifu, kisha katika maji ya magadi. Kilichosalia bila kuyeyuka walikikausha, wakakipima, wakakichoma. Uzito uliopotea motoni ndio ulioitwa nyuzinyuzi ghafi.

Njia hiyo ilienea duniani, ingawa ilikuwa na kasoro: sehemu ya nyuzinyuzi huyeyuka nayo, hesabu ikatoka pungufu. Katika miaka ya 1960 Peter Van Soest wa Marekani alitumia maji ya namna ya sabuni, yaoshayo vilivyo laini ndani ya mmea, zikabaki kuta zake ngumu.

Nasi twaijua hasara ya kutopima. Mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulianza kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha; mwaka 1951 ukaachwa.

Nyuzinyuzi si adui. Ng'ombe na mbuzi huzihitaji ili wacheue vema, bali kuku huzimeng'enya kidogo sana. Mashudu ya alizeti iliyokamuliwa pamoja na maganda yamfaa ng'ombe kuliko kifaranga. Basi anunuaye na aulize: katika kila mia, nyuzinyuzi ni ngapi?

Gharama ya maabara humlemea mtu mmoja, lakini Vyama vya Msingi vikinunua kwa pamoja vyaweza kuchangia kupeleka sampuli ya kila shehena. Kwa miaka kumi tumetetea haki ya uzito wa gunia. Katika kumi ijayo, na tudai haki ya kilichomo ndani yake.

Wenu katika Ushirika,
Katibu