Fahamu Jinsi Ubongo Unavyoongoza Lugha na Usemi, na Kwa Nini Kiharusi Humpokonya Mtu Maneno

Miongoni mwa dalili za kiharusi, kupotea kwa maneno ni mojawapo ya zile zinazoeleweka vibaya zaidi katika jamii. Mkono uliolegea huonekana kwa macho na hauhitaji mfasiri. Lakini mtu aliyelala akiwa mzima, akaamka akiita kijiko "mlango" au akijibu kila swali kwa silabi moja, mara nyingi huhesabiwa kuwa ameharibikiwa na akili, na zipo familia zinazopoteza saa au siku za thamani zikitafuta chanzo kwingine kabla ya kufika hospitalini. Elimu ya maumbile ya ubongo, ambayo ni msingi wa masomo ya wanafunzi wa tiba ya usemi na lugha, inatoa maelezo tofauti. Lugha ina maeneo yake ndani ya ubongo, na maeneo hayo yanaweza kuumia huku kumbukumbu, hisia na utu wa mhusika vikibaki pale pale.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.3 hadi 1.4, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ambayo mwili unaihitaji ukiwa umepumzika. Umegawanyika katika nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, zilizounganishwa katikati na daraja nene la nyuzi za neva. Kila nusu huongoza zaidi upande wa mwili ulio kinyume chake. Kwa watu wengi mno wanaotumia mkono wa kulia, zaidi ya tisa katika kila kumi, shughuli kubwa ya lugha hufanyika katika nusu ya kushoto. Hata kwa wanaotumia mkono wa kushoto, takriban asilimia 70 wako hivyo hivyo. Ndiyo maana kupoteza maneno na kupooza mkono wa kulia huandamana mara kwa mara.

Ujuzi huu una historia yenye tarehe. Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, aliishi kwa miaka 21 mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa karibu kila alichotaka kusema alitamka silabi moja tu, "tan", kwa kawaida mara mbili. Alielewa alichoambiwa na alijibu kwa ishara. Alifariki Aprili 17, 1861, na daktari wa upasuaji Paul Broca alipoufungua ubongo wake alikuta jeraha katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto, karibu na panda la uso. Miezi michache baadaye alimpata mgonjwa wa pili, Lelong, mzee wa miaka 84 aliyebakiwa na maneno matano tu, naye alikuwa na jeraha karibu mahali pale pale. Eneo hilo hadi leo huitwa eneo la Broca.

Mtu aliyeumia eneo hilo na sehemu zinazolizunguka husema kwa shida, kwa vipande, na viungo vidogo vya sarufi ndivyo vinavyoanguka kwanza. Kwa msemaji wa Kiswahili, sentensi kama "Nilikwenda sokoni kununua samaki" inaweza kutoka ikiwa "soko... samaki... nunua", huku viambishi vya nafsi na wakati vikiwa vimepotea au vimebadilishwa. Anachotaka kusema anakijua, na kosa lake analisikia. Hapo ndipo hutokea machozi na hasira ambavyo wauguzi na ndugu huviona kando ya kitanda.

Mwaka 1874 daktari kijana wa Ujerumani, Carl Wernicke, akiwa na umri wa miaka 26, alieleza hali iliyo karibu kinyume cha hiyo. Wagonjwa wake walisema kwa ufasaha na kwa mwendo wa sauti wa kawaida, lakini maneno hayakuwa na maana iliyoshikamana, nao hawakuelewa walichoambiwa. Jeraha lilikuwa nyuma zaidi, katika sehemu ya juu ya upande wa ubongo ulio nyuma ya sikio la kushoto, jirani na eneo linalopokea sauti. Mgonjwa wa namna hii anaweza kusema bila kusita, "Niliiweka ile kidafu ya jana kwenye mlango wa saa," akasubiri jibu, na akashangaa kwa nini anatazamwa.

Hali hii ndiyo inayostahili tahadhari kubwa kuliko zote. Kwa kuwa jeraha liko mbali na ukanda unaoongoza misuli, mgonjwa anaweza kutembea vizuri, mikono yake ikawa na nguvu na uso wake ukawa sawasawa. Kinachosikika ni maneno yasiyoeleweka tu, tena yaliyoanza ghafla. Ni rahisi sana kumdhania mwendawazimu, mlevi au mtu aliyepatwa na mambo ya kishirikina. Mtu mzima ambaye jana alizungumza kawaida na leo maneno yake hayashikamani anapaswa kuchukuliwa kuwa huenda amepata kiharusi mpaka wataalamu wathibitishe vinginevyo. Hatari hii haipungui kwa sababu tu mgonjwa anatembea kwa miguu yake.

Maeneo hayo mawili yameunganishwa na fungu la nyuzi za neva lililopinda kama upinde chini ya gamba la ubongo. Fungu hilo na maeneo yaliyo jirani nalo yakiumia, mtu anaweza kuelewa na kuzungumza, lakini akashindwa kurudia neno aliloambiwa muda huo huo. Hata hivyo, ramani hii ya maeneo mawili na daraja lake, ingawa bado hufundishwa kama mlango wa somo, isichukuliwe kuwa ukweli wote. Ubongo wa Leborgne ulihifadhiwa Paris bila kukatwa, na mwaka 2007 watafiti walichapisha picha zake zilizopigwa kwa mashine ya sumaku, MRI. Jeraha lilionekana kuwa limezama ndani kuliko Broca alivyoweza kuona kwa macho, likagusa na nyuzi zinazounganisha maeneo. Lugha hukaa katika mtandao mpana. Nusu ya kulia nayo ina kazi yake: mtu aliyeumia huko anaweza kutamka kila neno sawasawa lakini akashindwa kutambua mzaha, kejeli, au huzuni iliyomo katika sauti ya mwenzake.

Sababu ya maeneo haya kuumia pamoja iko katika damu. Yote mawili hulishwa na mshipa mmoja mkubwa, ateri ya kati ya ubongo, ambayo matawi yake hulisha pia ukanda unaoongoza uso na mkono. Bonge la damu likiuziba upande wa kushoto, kinywa hupinda, mkono wa kulia hulegea na maneno hupotea kwa pamoja. Kila dakika inayopita seli zaidi za neva hufa. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana na mgonjwa anapofaa kupewa, hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu, ukihesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mara ya mwisho akiwa mzima. Anayempeleka hospitalini aukariri wakati huo kichwani, kwa kuwa huwa miongoni mwa maswali ya kwanza ya daktari. Asimpe aspirini nyumbani: kiharusi kinaweza kuwa cha kuziba au cha kuvuja damu, na ni kipimo cha picha ya kichwa ndicho kinachotofautisha.

Mpaka hapa suala limekuwa lugha yenyewe, na upotevu wake kitaalamu huitwa afasia. Usemi ni jambo jingine. Neno likishaundwa, amri hushuka kutoka ukanda wa mwendo katika gamba la ubongo, ambako midomo, ulimi na koo vimetengewa nafasi kubwa kupita kiasi kikilinganishwa na kiwiliwili chote, hadi katika shina la ubongo. Kutoka huko hutoka jozi nyingi kati ya 12 za neva za kichwa. Neva ya tano huendesha taya, ya saba midomo na uso, ya tisa na ya kumi hushirikiana katika koo, na ya kumi huendesha pia kaakaa laini na nyuzi za sauti. Ya kumi na mbili huendesha ulimi. Mwanafunzi aliyesoma fonetiki ya Kiswahili atagundua kwamba anazijua ala hizi zote. Kinachoongezeka ni kujua kila ala inapokea amri kutoka wapi.

Neva ya saba hutoa ishara yenye manufaa hata kwa asiye daktari. Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka nusu zote mbili za ubongo, hivyo katika kiharusi cha kawaida mdomo hupinda lakini mgonjwa bado anaweza kukunja paji. Ikiwa neva yenyewe ndiyo iliyoumia baada ya kutoka katika shina, upande mzima wa uso hulegea na jicho halifungiki vizuri. Tofauti hii haiondoi haja ya kwenda hospitalini, lakini humsaidia mtabibu. Neva ya kumi nayo ina njia ya ajabu: tawi lake la kushoto linaloendesha nyuzi za sauti hushuka hadi kifuani, hupita chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena kooni. Kwa hiyo sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua inaweza kuwa na chanzo chake kifuani au katika tezi ya shingo, na haipaswi kuishia kwenye asali na tangawizi.

Njia hii ya amri ikiumia, mgonjwa hupata disathria: maneno ni sahihi lakini matamshi ni mazito. Ubongo mdogo wa kisogoni ukiumia, usemi huyumba na silabi hukatika kama za mlevi, na katika ugonjwa wa Parkinson, unaogusa viini vilivyo ndani ya ubongo, sauti hufifia na kuwa ya mnong'ono. Njia rahisi ya kutenganisha hali hizi na afasia ni kalamu. Mwenye disathria peke yake, kama alijua kuandika na mkono wake una nguvu, ataandika sentensi kamili. Mwenye afasia kwa kawaida ataandika kwa makosa yale yale ya mdomoni. Hata kiziwi anayetumia lugha ya alama akipata jeraha katika nusu ya kushoto hupoteza alama zake, ingawa mikono yake haijapooza.

Neva hizo hizo za kinywa na koo ndizo zinazoendesha umezaji. Mtu anapomeza, koromeo hupanda, kidakatonge hufunika njia ya hewa na nyuzi za sauti hujibana. Kwa mgonjwa wa kiharusi mpangilio huo unaweza kuchelewa, chakula kikaingia mapafuni na kuleta nimonia, wakati mwingine bila hata kikohozi cha kumtahadharisha mlishaji. Desturi ya kumpa mgonjwa chai au uji mwepesi ili apate nguvu, yenye nia njema kabisa, ni ya hatari hapa, kwa kuwa vitu vya majimaji hukimbia kooni kuliko vizito. Mgonjwa asipewe chochote mdomoni, pamoja na maji na vidonge, mpaka umezaji wake upimwe.

Katika nchi ambazo wananchi wengi huzungumza lugha ya nyumbani, Kiswahili na pengine Kiingereza, uchunguzi huwa na hatua ya ziada. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alipendekeza kwamba lugha ya kwanza kujifunzwa ndiyo hudumu zaidi. Mwaka 1895 Albert Pitres akasema ni ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Wagonjwa wengi hurejewa na lugha zao kwa pamoja, lakini wapo wanaothibitisha kauli ya kila mmoja wao. Mgonjwa anayepimwa kwa Kiswahili peke yake, ilhali maisha yake yote ameyaishi kwa Kisukuma au Kiluo, anaweza kuandikiwa hali mbaya kuliko aliyo nayo. Ndugu wanaombwa kumweleza mtaalamu ni lugha zipi mgonjwa alizitumia, na nani, na kwa shughuli gani, na kama alijua kusoma na kuandika. Maendeleo huwa ya kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, na kwa wengi huendelea kwa miaka, hasa pale mgonjwa anapopewa muda wa kulitafuta neno lake mwenyewe badala ya kusemewa.