Mkono Uliochinja: Habari za Uhalali wa Nyama tangu Buganda ya 1876 hata Zama za Vyeti

Katika lugha yetu mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kwa sharia huitwa kibudu. Neno hili ni fupi, lakini lina uzito: mnyama yule yule, wa zizi lile lile, huwa kitoweo au huwa kibudu kwa jinsi alivyotolewa roho. Na kwa kuwa mlaji aghalabu hakuwapo machinjoni, hana budi kutegemea ushahidi wa mwingine. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kwamba kanuni za chakula halali zimebadilika kidogo sana. Kilichobadilika ni ushahidi huo.

Uislamu uliingia Buganda kwa wafanya biashara wa pwani, zama za Kabaka Suna II, katika miaka ya 1840. Mwanawe, Mutesa I, alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, akawaamuru watu wake wafunge, akajenga na msikiti. Lakini yeye mwenyewe hakutahiriwa, maana mila haikuruhusu damu ya Kabaka imwagwe. Mwaka 1876 baadhi ya vijana wa jumba lake walikataa kusali nyuma yake, wakakataa na nyama ya jikoni mwake, kwa sababu ilichinjwa na watu wasiotahiriwa. Mbele ya mfalme jambo hili halikuwa la chakula tu. Kula cha mfalme ni kumtii. Kukikataa ni kusema ya kuwa yuko hakimu mwingine juu yake. Vijana wapatao 70 wakauawa Namugongo, mahali pale pale ambapo mashahidi wa Kikristo waliuawa miaka kumi baadaye.

Yafaa tutazame hoja yao. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi pwani, hawakuifanya tohara kuwa sharti la mchinjaji. Lakini katika nchi ambayo jadi haikujua tohara, hiyo ndiyo alama iliyomtenga Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Kwa hiyo ushahidi wa kwanza ulikuwa mwili wa mchinjaji mwenyewe.

Huenda msomaji akauliza: je, Kurani, Sura ya 5, aya ya 5, haikuhalalisha chakula cha waliopewa Kitabu? Imehalalisha. Lakini Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj, kitabu kilichotegemewa sana na makadhi wa pwani, ameweka mpaka: asiyekuwa wa ukoo wa Israili huhesabiwa mtu wa Kitabu iwapo yajulikana ya kuwa wazee wake waliingia katika dini hiyo kabla haijatanguliwa. Kwa kipimo hiki, Mkristo ambaye babu yake alibatizwa na wamisionari wa karne ya 19 hakuingia. Asiyeijua kanuni hii huidhania desturi ya kumtaka mchinjaji Mwislamu kuwa ni ukaidi mtupu, kumbe ina mizizi katika vitabu.

Swali hilo hilo lilizuka kusini. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipokwisha mwaka 1902, Waislamu wa Transvaal walijikuta wachache kati ya Wakristo. Mwaka 1903 Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, aliulizwa mambo matatu kutoka huko: kuvaa kofia za Kizungu, Mshafi kusali nyuma ya Mhanafi, na kula nyama ya Wakristo, ambao humpiga ng'ombe kwa shoka kabla ya kumchinja, wala hawataji jina la Mungu. Akajibu ya kuwa nyama hiyo yaliwa, akitegemea aya tuliyoitaja na rai ya Abu Bakr Ibn al-Arabi, mwanachuoni wa Kimaliki. Magazeti ya Cairo yakawaka moto, na wafuasi wa Khedive Abbas Hilmi II wakaipata silaha ya kumpiga Mufti. Rashid Rida akamtetea katika jarida lake la al-Manar. Hapa ushahidi umetoka katika mwili wa mchinjaji ukaingia katika kalamu ya mwanachuoni aliye mbali, asiyemjua mchinjaji wala mlaji.

Hatua ya tatu ni ya viwanda. Mbele ya mkebe uliotiwa muhuri au unga wa supu, hakuna mkono wa kutazamwa. Malaysia ilianza kutoa barua za halali mwaka 1974, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Huko Indonesia, uvumi wa mafuta ya nguruwe katika vyakula vya madukani uliwatia watu hofu mwaka 1988. Januari 1989 Baraza la Maulamaa likaunda chombo cha kupima vyakula, na mwaka 2014 jambo hili likawekewa sheria ya nchi. Mwaka 1997 hata tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex Alimentarius, ilitoa mwongozo wa kutumia neno halali.

Cheti hukagua mengi ambayo jicho la mlaji haliyaoni, nacho hustahili shukrani. Lakini cheti ni neno la mtu asiyekuwapo, nalo halizidi uaminifu wa mwenye kulisema. Vijana wa Namugongo hawakuwa na karatasi. Walimwangalia mchinjaji, wakakataa, wakalipa kwa roho zao. Karatasi imetupunguzia gharama hiyo, lakini swali lao limebaki pale pale: nani ameshika kisu?