Mkono Mmoja Haulei Mwana: Usiku wa Mzazi Katika Historia

Methali isemayo kwamba mkono mmoja haulei mwana tumeifundisha mara nyingi madarasani, na kwa kawaida tumeifafanua kuwa ni wito wa umoja na ushirikiano. Si vibaya. Walakini maana yake ya kwanza ndiyo iliyo dhahiri: mtoto mchanga ana kazi isiyoweza kumalizwa na mtu mmoja, hasa kazi ya usiku. Katika makala haya tumeonelea vyema kuuliza swali ambalo vitabu vya historia huliuliza kwa nadra: mwanamke aliyejifungua alipata wapi usingizi, na ni nani aliyempa nafasi ya kulala?

Tuanze na maumbile. Mtoto aliyezaliwa karibuni hulala saa nyingi, kiasi cha 14 hadi 17 kwa mchana na usiku, lakini huzilala vipande vipande. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama huyeyuka upesi. Kwa hiyo njaa humwamsha kila baada ya saa mbili au tatu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mababu zetu, na ndivyo ilivyo leo. Kilichobadilika katika historia ni idadi ya watu wanaokisikia kilio hicho na kuamka.

Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu ya mambo hayo. Neno "mzazi", ambalo leo twalitumia kwa baba na mama, katika matumizi ya zamani humtaja hasa mwanamke aliyetoka kujifungua. Huyo alikuwa na hadhi yake na siku zake, nazo ni zile 40 tunazoziita arubaini. Katika siku hizo, mwambao wa Afrika Mashariki ulimweka ndani, ukamkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji, nao mama yake, shangazi na jirani wakimpokea mtoto. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye alifundisha Kiswahili mjini Berlin kuanzia mwaka 1900, aliyapa mambo ya uzazi nafasi ya mwanzo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903.

Tutazame pia maneno mawili, mkaja na mbeleko. Mkaja ni nguo ambayo mzazi hujifunga tumboni. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Maneno hayo hayo yametumika kuwa majina ya zawadi ambazo bwana arusi humtolea mama wa bibi arusi. Yaani binti aolewapo, jamii humkumbuka mama yake kwa taabu ya kumzaa na kumbeba, nayo huikiri kuwa ni deni.

Hata hivyo tusiipambe historia. Katika nyumba za matajiri wa pwani, baadhi ya mikono iliyopokea mtoto usiku ilikuwa ya wajakazi, na hakuna aliyewauliza kama wao walilala. Unguja utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1897. Usingizi wa mwanamke mmoja uliweza kulipwa kwa mkesha wa mwingine, na jambo hilo halijatoweka kabisa: tuwafikirie wasichana wadogo wa kazi katika miji yetu.

Ilikuwaje basi pale mikono ilipopungua? Uingereza ya karne ya 19 yatupa jibu la kuhuzunisha. Katika miji ya viwanda, mama maskini alirejea kwenye mashine mapema, ilhali ndugu zake wengi walikuwa nao viwandani au wamebaki mashambani. Ndipo wengi walipotumia Godfrey's Cordial, dawa tamu iliyochanganywa na afyuni. Friedrich Engels aliitaja katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi. Mtoto alinyamaza, mama akalala. Lakini watoto wengi walidhoofu kwa kutokula, na wengine hawakuamka tena. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1849, iliuzwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, yenye mofini ndani yake. Ni sheria ya mwaka 1906 iliyowalazimisha wauzaji kuonyesha kwenye kibandiko kwamba dawa ina mofini au afyuni.

Baada ya chupa ikaja saa ya ukutani. Daktari L. Emmett Holt wa New York, katika kitabu chake cha mwaka 1894, aliwaambia akina mama kwamba kumbembeleza mtoto kwa kumtikisa ni mazoea yasiyo na faida. Naye Truby King wa New Zealand, aliyeanzisha chama cha afya ya mama na mtoto mwaka 1907, alisisitiza mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne, na usiku asinyonyeshwe kabisa. Mafundisho hayo yalienea katika sehemu nyingi za himaya ya Waingereza. Mama aliyeshindwa kuifuata saa alijiona mkosaji.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu ya jibu ilitoka hapa Uganda. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala, akafanya uchunguzi chini ya taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Aliwatembelea nyumbani akina mama 26 wa Buganda na watoto wao 28, akaandika aliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Uchunguzi huo ulisaidia kujenga elimu ya mapenzi kati ya mtoto na mlezi wake. Kisha mwaka 1972, yeye na mwenzake waliandika, kutokana na uchunguzi uliofanywa Baltimore, kwamba watoto walioitikiwa upesi walipolia walikuja kulia kidogo zaidi baadaye. Fundisho hilo lilipoenea, wengi walishika kwamba mama amwitikie mtoto. Swali la nani amwitikie mama likasahauliwa.

Sheria zimejaribu kulijibu. Mkataba wa kimataifa wa kazi wa mwaka 1919 ulimpa mama aliyeajiriwa wiki sita baada ya kujifungua, yaani siku 42, karibu sawa na arubaini yetu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa siku 60 za kazi, na baba siku 4. Hesabu hiyo yaonyesha ni nani anayetazamiwa kuamka tangu usiku wa tano.

Ndugu walimu, tuifundishapo tena methali hii, tusiishie kwenye neno "umoja". Tuwaulize wanafunzi: katika nyumba yenu, mkono wa pili ni wa nani, nao huamka saa ngapi? Na pale mwalimu mwenzetu anaporejea kutoka uzazini, tumwondolee kipindi cha kwanza cha asubuhi katika ratiba, tukigawane sisi. Tendo hilo litaieleza methali vizuri kuliko ufafanuzi wetu wa ubaoni.