Sanaa ya Utendaji na Kumbukumbu Zake

Miongoni mwa istilahi zinazomsumbua mtu anayeandika kwa Kiswahili juu ya vitabu vya wasanii wa leo, hakuna inayosumbua kama ile ya sanaa ambayo msanii huifanya kwa mwili wake mwenyewe, mahali fulani na kwa muda fulani, bila ya kuigiza mhusika yeyote. Neno linalokuja haraka ni maonyesho, lakini neno hilo limekwisha kubebeshwa mizigo miwili: wataalamu wa tamthilia walilitwaa zamani, kama anavyoona tangu jaladani mtu anayeshika kitabu cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya cha mwaka 1976, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, na wakati huohuo Sabasaba ni maonyesho, na picha zilizotundikwa katika jumba la makumbusho ni maonyesho pia. Sentensi inayosema kwamba onyesho la msanii lilifanyika ndani ya maonyesho humwacha msomaji akikisia.

Istilahi inayofaa ni utendaji, nayo haihitaji kubuniwa, kwa sababu fasihi simulizi imeitumia kwa miaka mingi kwa maana ya tukio la fanani kuitoa kazi yake mbele ya hadhira, na wanafunzi wake hufundishwa mapema kwamba ngano iliyoandikwa kitabuni imekwisha kupoteza sauti, mkono na viitikio. Ni kweli kwamba ofisini utendaji ni utendaji kazi, na kwamba kila kata ya Tanzania ina afisa mtendaji, lakini utata huo huondoka mara istilahi inapotangulizwa neno la kuiongoza, ikawa sanaa ya utendaji. Tena kiishio -ji, ambacho katika mwimbaji na msomaji hudokeza mazoea ya kutenda, kinazifaa mno baadhi ya kazi zenyewe.

Msanii Tehching Hsieh, mzaliwa wa Taiwan aliyehamia Marekani mwaka 1974, aliweka katika studio yake ya New York saa ya kiwandani, ile ambayo mfanyakazi huitumbukizia kadi ili igongwe muda wa kuingia na kutoka, na kuanzia tarehe 11 Aprili 1980 aligonga kadi kila saa, mchana na usiku, kwa mwaka mzima. Kila alipogonga, kamera ya sinema ilichukua picha moja tu. Alianza akiwa amenyoa kichwa, na katika filamu iliyounganishwa kutokana na picha hizo, inayochukua takriban dakika sita, nywele zinarefuka hadi mabegani huku akrabu za saa zikizunguka kama pangaboi. Mwaka una saa 8,760. Alikosa mara 133, mara nyingi kwa sababu ya usingizi, na hata kukosa huko kuliwekwa katika hesabu. Aliyezaliwa baadaye anaifikia kazi hiyo kwa kadi, kwa filamu na kwa kitabu Out of Now, ambacho Hsieh alikitoa pamoja na Adrian Heathfield mwaka 2009.

Hapa ndipo Kiswahili kinapompa mtaalamu neno zuri. Kumbukumbu ni yale yanayobaki moyoni, na kumbukumbu za kikao ni maandishi ya katibu, yanayosomwa na kuthibitishwa na waliohudhuria. Picha ya utendaji ni kumbukumbu kwa maana hii ya pili kwanza: humjulisha asiyekuwapo yaliyopita, lakini haimfanyi awe amehudhuria.

Hata hivyo, zipo picha ambazo hazikufuata tendo bali tendo lilifanywa kwa ajili yake. Msanii Yves Klein aliruka kutoka juu ya ukuta huko Fontenay-aux-Roses, Ufaransa, Oktoba 1960, na katika picha ya Harry Shunk na János Kender anaonekana akielea juu ya barabara, mikono imetanuka. Waliomdaka kwa turubai walikuwapo, ila wameondolewa kwa kuunganisha negativu mbili. Kuiita picha hiyo kumbukumbu ya utendaji ni kosa. Huo ni utendaji wa picha, yaani kazi ambayo haikuwahi kuwapo mahali pengine isipokuwa katika karatasi, na tofauti hii kati ya picha ya utendaji na utendaji wa picha ingefaa ilindwe katika kila tafsiri.

Kati ya namna hizo mbili za picha kuna kitabu cha mpigapicha Marco Anelli cha mwaka 2012. Msanii Marina Abramović aliketi kimya kitini katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York, kuanzia Machi hadi Mei 2010, kwa zaidi ya saa 700, na yeyote aliyetaka aliketi mbele yake, akitazamana naye. Anelli aliwapiga picha wote, zaidi ya watu 1,500, wengine machozi yakiwatiririka. Kamera yake haikumhifadhi msanii tu. Ilihifadhi hadhira, kitu ambacho mtaalamu wa fasihi simulizi angekiulizia kwanza.

Kwa hiyo mfasiri anayeandika maelezo chini ya picha za namna hii na ataje utendaji ulifanyika lini na wapi, aeleze iwapo picha ilipigwa tendo likiendelea au tendo lilifanywa kwa ajili ya kamera, na asiliache jina la mpigapicha.