Mtoto Aangalie Nyuma Hadi Lini? Kiti cha Gari, Wanaanga na Kosa la Takwimu

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata niandike juu ya kifaa ambacho nimekisomea kwa wiki mbili sasa: kiti cha gari cha mtoto mdogo.

Sababu ni binti yangu. Ana mwaka 1 na miezi 10, uzito kilo 12, na nyanya yake hapa Kipkelion anataka kiti kigeuzwe mtoto aangalie mbele. "Mnambeba kama mtu aliyenuniwa," anatuambia, "hata mashamba hayaoni!" Hoja yake si ya kupuuzwa. Miguu ya mtoto imekunjika kwenye kiti cha nyuma, na akibebwa mgongoni kwa leso huwa anaangalia mbele. Lakini barabara yetu hii ya Londiani kwenda Muhoroni ndiyo iliyopoteza zaidi ya watu 50 katika ajali ya basi pale Fort Ternan Oktoba 2018. Tarehe 30 Juni 2023 lori likaua watu 52 pale Londiani Junction. Kiti cha mtoto kisingezuia hayo, najua, ila huku kwetu hakuna anayeona ajali kuwa habari ya mbali.

Basi turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari na mtafiti wa Uswidi, Bertil Aldman, alivutiwa na viti vya wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini. Walilazwa chali ili nguvu ya roketi isambae mgongo mzima badala ya kubana sehemu moja. Aldman akajiuliza: gari likigonga kwa mbele, mtoto akiwa ameupa mgongo upande ule, si ni jambo lile lile? Mwaka 1964 kiti chake cha majaribio kilifungwa ndani ya Volvo PV544 na kupimwa. Wazo la anga za juu likaingia kwenye gari la familia!

Sasa hesabu (mnanijua). Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde. Linagonga, na mtoto anasimamishwa ndani ya sentimita 60. Ukipiga v² gawanya kwa 2d unapata kama mita 161 kwa sekunde mraba, mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kwa mtoto wa kilo 12 ni kama kubeba kilo 195 kwa muda mfupi sana. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Akiangalia mbele, mikanda inashika mabega lakini kichwa kinaendelea na safari, na shingo peke yake ndiyo inayokirudisha. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake, na mifupa ya shingo bado ina sehemu za gegedu. Akiangalia nyuma, kichwa, shingo na mgongo vinapokelewa pamoja na ganda la kiti.

Hadi hapo ni fizikia tu, haina ubishi. Ubishi uko kwenye umri.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani (AAP) kilitoa mwongozo mwaka 2011: aangalie nyuma hadi miaka 2. Nguzo mojawapo ya mwongozo huo ilikuwa utafiti wa mwaka 2007 uliotumia kumbukumbu za ajali za Marekani za 1988 hadi 2003. Kumbukumbu hizo ni sampuli. Kila ajali iliyoandikwa hupewa namba ya uzito, kwa kuwa inawakilisha ajali nyingine nyingi ambazo hazikuchunguzwa. Mtu yeyote aliyefanya kazi na data ya sampuli anajua hapo ndipo mitego ilipo. Mwaka 2016 wengine walipojaribu kurudia hesabu, majibu hayakulingana. Ikagundulika kwamba namba za uzito hazikutumiwa sawasawa, na ushahidi ukaonekana mzito kuliko ulivyokuwa. Makala ile ikaondolewa, na mwaka 2018 baadhi ya waandishi wale wale wakachapisha uchambuzi mpya. Walioangalia nyuma bado waliumia kwa kiwango kidogo zaidi, ila watoto walioumia vibaya walikuwa wachache mno kuthibitisha tofauti kitakwimu. Mimi nawavulia kofia. Kurekebisha kosa lako hadharani baada ya miaka 11 si kazi ndogo.

Agosti 2018 AAP wakafuta ule umri wa miaka 2. Hawakusema mgeuzeni mapema! Walisema aangalie nyuma hadi afikie kikomo cha uzito au urefu cha kiti chenyewe. Kwa lugha yetu ya kazi, miaka 2 ilikuwa namba iliyobandikwa ndani ya programu, sasa programu inasoma kikomo kutoka kwa kifaa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129 ya mwaka 2013 inaweka miezi 15 kama kiwango cha chini kabisa, na Waswidi wamezoea kwenda hadi karibu miaka 4.

Miguu je? Kukunja miguu si tatizo. Mtoto akiketi sakafuni huikunja mwenyewe.

Lebo ya kiti chetu inasema kilo 18 akiangalia nyuma, kwa hiyo tuna kilo 6 bado. Nyanya yake nimemwonyesha ile hesabu ya magunia. Alinyamaza, kisha akauliza kama mtoto angalau anaweza kuwekwa kiti cha mbele kando ya dereva, aone watu. Hapana, mama. Mfuko wa hewa wa pale mbele ukifumuka unapiga mgongo wa kiti cha mtoto moja kwa moja, na unaweza kumwua. Anakaa nyuma, na safari hii nyanya ndiye atakayeketi kando yake.