Kabla ya Pinterest: Madaftari Yaliyovimba ya Kijana wa Nairobi

Kila nikiposti ukurasa wa daftari langu, lazima mtu aniulize: "Hiyo si umeiga kwa Wazungu wa Pinterest?" Leo najibu kwa historia, tena ya jirani. Mimi niko Holili, nikivuka mpaka tu niko Taveta, Kenya.

Miaka ya 80, Nairobi kulikuwa na kijana anaitwa Dan Eldon. Alizaliwa London mwaka 1970, mama Mmarekani, baba Mwingereza, familia ikahamia Kenya akiwa na miaka saba. Haya, Mzungu, hapo mmenipata. Ila vitu alivyobandika vilikuwa vya maisha yake ya huku. Anapiga picha, anaisafisha, anaibandika, halafu anaichora juu kwa wino na rangi. Pembeni kipande cha gazeti, ramani, tiketi, stempu. Madaftari yakawa yanavimba hayafungi. Mwaka 1990 yeye na wenzake walitoka Nairobi na magari mpaka Malawi kupeleka msaada kwa wakimbizi wa Msumbiji, na safari ile nayo ikaingia kwenye kurasa. Aliacha madaftari 17.

Hakuwa wa kwanza. Peter Beard, mpiga picha Mmarekani aliyekuwa na makazi nje kidogo ya Nairobi, alishafanya hivyo miaka mingi kabla, na yeye aliweka majani makavu mpaka damu. Mimi damu hapana jamani.

Nilivyojaribu mwenyewe kwenye kaunta buku, mara ya kwanza nilitumia gundi ya uji wa ngano. Baada ya wiki mbili ukungu, mende wakamalizia. Gundi nyeupe ya dukani nayo ukiijaza sana karatasi inajikunja. Dawa niliyoipata: paka kwanza rangi nyeupe ya ukuta, nyembamba, iache ikauke, ndiyo ubandike. Usiku tenganisha kurasa na nailoni, juu weka tofali. Ukitaka karatasi ionekane ya zamani, pakaa kahawa nzito. Kahawa huku Kilimanjaro hatuna shida nayo.

Sasa turudi kwa Dan. Alienda Somalia kupiga picha za njaa na vita, akawa anafanya kazi na Reuters. Julai 12, 1993, helikopta za Marekani zilishambulia nyumba moja Mogadishu wakimsaka Jenerali Aidid. Waandishi wakakimbilia pale kupiga picha. Watu walikuwa wamefiwa muda uleule, hasira zikawaangukia wale wenye kamera. Waliuawa kwa mawe na kipigo. Dan alikuwa na miaka 22.

Mwaka 1997 kurasa zake zikatoka kama kitabu, mama yake Kathy ndiye aliyezikusanya. Mwaka 2016 ikaja na filamu kabisa.

Ila siku ile walikufa wanne. Kulikuwa na Hansi Kraus, Mjerumani wa AP. Na kulikuwa na Wakenya wawili wa Reuters, Hos Maina mpiga picha na Anthony Macharia fundi wa sauti. Hawa mnawajua? Mimi mwenyewe nimeanza kumpenda Dan miaka mitatu iliyopita, majina yao nimeyashika mwaka huu tu, na karibu kila nilipoyakuta yalikuwa nyuma ya jina lake. Hos alikuwa amemzidi Dan umri kwa mbali, kamera ileile, kifo kilekile. Kiukweli imeniuma, maana hata mimi nilikuwa naiga kurasa za mmoja bila kujua wenzake.

Ukurasa wangu wa wiki hii una risiti ya duka la Taveta, doa la kahawa, na majina mawili kwa wino mweusi: Hos Maina, Anthony Macharia. Nilitaka na shilingi kumi ya Kenya, ikagoma kushika kwa gundi. Nimeifunga kwenye kipande cha kanga, nikaishona na uzi.