Nani Anawahesabu Samaki Wachanga?

Kila samaki wanapoadimika, swali la kwanza tunalouliza ni nani aliyewavua. Jibu huwa limekwisha kuandaliwa: mvuvi mdogo, nyavu zake zenye matundu madogo, kokoro lake, au baruti ya jirani yake. Mara nyingine jibu hilo ni la kweli, wala sina nia ya kulitetea kokoro. Lakini swali lenyewe lina upofu ndani yake. Linamhesabu samaki tangu siku anapofikia ukubwa wa kuingia wavuni, kana kwamba kabla ya hapo hakuwa na maisha. Katika makala haya ninataka kueleza jinsi elimu ilivyochelewa kuuona upofu huo, na kwa nini kuchelewa huko ni suala la siasa na utawala kama lilivyo suala la sayansi.

Tuanze na Norway, kwa kuwa huko ndiko suala hili lilikochunguzwa mapema kwa utaratibu. Katika karne ya 19 pwani ya nchi hiyo iliishi kwa heringi na kwa samaki ambaye kamusi zetu humwita chewa, ingawa si chewa wa miambani tunayemjua sisi. Mwaka mmoja samaki hao walijaa tele, mwaka mwingine walitoweka, na vijiji vizima vikaingia katika dhiki. Serikali ilitaka kujua sababu. Katika miaka ya 1860 ilimtuma Georg Ossian Sars kwenye visiwa vya Lofoten, naye akagundua kwamba mayai ya chewa huyo huelea juu ya maji. Uzao wote wa samaki huyo, kumbe, ulikuwa ukichukuliwa na mkondo bila mlinzi.

Ugunduzi huo ulizaa tamaa ya njia ya mkato. Mwaka 1882 nahodha Gunder Mathisen Dannevig alianzisha kituo cha kuangulia mayai huko Flødevigen, na kwa miaka mingi mamilioni ya samaki wachanga walimwagwa baharini kutoka hapo. Kazi hiyo ilionekana kwa macho, ilihesabika, na ilifaa kuandikwa katika taarifa. Iliendelea hadi mwaka 1971, bila kuthibitika kwamba iliongeza samaki katika nyavu za wavuvi.

Aliyeitilia shaka mapema ni Johan Hjort. Yeye na wenzake walisoma umri wa heringi kwa kuhesabu miviringo katika magamba yao, kama mtu ahesabuvyo miviringo ya gogo la mti. Waliona jambo la ajabu: heringi waliozaliwa mwaka 1904 walitawala mavuno ya Norway kwa miaka mingi mfululizo, huku wale waliozaliwa miaka ya jirani wakiwa haba. Mwaka 1914 Hjort alichapisha hoja yake. Wingi wa samaki, alisema, hauamuliwi hasa na idadi ya mayai yanayotagwa, bali na mambo yanayolipata kila rika katika siku zake za mwanzo, pale akiba ya kiini cha yai inapokwisha na kinyonga huyo wa milimita chache analazimika kujitafutia chakula. Akikikosa, hufa, na rika lake lote likikikosa, wavuvi huja kulipa deni hilo miaka kadhaa baadaye, bila kujua lilikopwa lini.

Sasa tazama majirani wa Hjort. Mwaka 1896, huko Stockholm, Svante Arrhenius alikuwa amekwisha kukokotoa kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu angani, dunia ingepata joto zaidi kwa nyuzi tano hadi sita hivi. Mwaka 1909, huko Copenhagen, Søren Sørensen, akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, alibuni kipimo cha pH tunachokitumia hadi leo kupima asidi. Kwa hiyo kufikia 1914, katika nchi tatu zinazopakana, palikuwa na watu watatu wenye vipande vitatu vya hoja moja: hewa inayopasha dunia joto, kipimo cha asidi ya maji, na udhaifu wa samaki mchanga. Copenhagen hiyohiyo ilikuwa pia makao ya Baraza la Kimataifa la Utafiti wa Bahari, lililoanzishwa mwaka 1902, na Hjort alikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Vipande hivyo havikuunganishwa kwa karibu karne nzima. Siwalaumu watu wale. Arrhenius alikuwa akitafuta chanzo cha enzi za barafu, Sørensen alishughulika na kemia ya vimeng'enya, na Hjort alitakiwa kueleza mavuno. Kila mmoja alijibu swali la aliyemwajiri au la taaluma yake. Mwaka 1957 Roger Revelle na Hans Suess walionyesha kwamba bahari haiwezi kuimeza hewa ya ukaa haraka kama ilivyodhaniwa, na mwaka uliofuata Charles David Keeling akaanza kuipima hewa hiyo huko Mauna Loa, Hawaii. Alianza na kiasi cha sehemu 315 katika kila sehemu milioni. Leo zimepita 420. Ilipofika mwaka 2003 ndipo Ken Caldeira na Michael Wickett walipolisukuma suala la asidi ya bahari mbele ya wanasayansi wote. Mwaka 2015 likaingizwa katika Lengo la 14 la Malengo ya Maendeleo Endelevu.

Tunajua nini sasa? Bahari imepokea zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada na takriban robo ya hewa ya ukaa tunayoitoa. Tangu enzi ya viwanda ianze, pH ya maji ya juu imeshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini kipimo cha Sørensen hupanda na kushuka kwa mafungu ya kumi, na 0.1 hiyo ni ongezeko la asidi la karibu asilimia 30. Samaki mzima ana matamvua yanayomsaidia kusawazisha damu yake. Yai na samaki aliyeanguliwa jana hawana kinga hiyo kwa ukamilifu. Joto nalo huharakisha mwili wao, kiini kikaliwa mapema, na saa ya njaa aliyoieleza Hjort ikawadia kabla chakula hakijafika. Utafiti wa mwaka 2020 uliolinganisha aina 694 za samaki ulionyesha kwamba mayai na samaki walio tayari kutaga huvumilia joto kwa kiwango chembamba kuliko samaki wazima wasiotaga. Kwa chewa yule wa kaskazini, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuta kwamba asidi inayotazamiwa mwishoni mwa karne hii iliongeza maradufu vifo vya kila siku katika siku 25 za mwanzo.

Uaminifu unanidai niseme na upande wa pili. Heringi wachanga walionekana kustahimili asidi kuliko chewa. Aidha, mwaka 2009 ilitangazwa kwamba asidi huwapotezea samaki wachanga wa matumbawe uwezo wa kunusa adui, na habari hiyo ikaenea duniani. Mwaka 2020 watafiti wengine walirudia majaribio ya namna hiyo kwa samaki wengi zaidi na hawakuona athari ya maana. Mwanaharakati asiichukulie habari hii kuwa aibu ya kufichwa. Anayetetea bahari kwa hoja iliyokwisha kuanguka huwapa wapinzani wake silaha.

Katika Bahari ya Hindi tunao ushahidi wetu. Mwaka 1998 joto la maji lilipausha matumbawe kuanzia pwani yetu hadi visiwani, na Ushelisheli iliumia kuliko wengi. Watafiti waliohesabu samaki huko mwaka 1994 walirudi mwaka 2005. Walikuta samaki wakubwa bado wapo, ila wadogo walikuwa wamepungua. Waliozaliwa kabla ya msiba waliendelea kunenepa, huku makazi ya watoto yakiwa yamebomoka. Mtu aliyepima mzigo unaoshushwa pwani tu angeandika kwamba hali ni shwari.

Hapa ndipo ninapowageukia watumishi wa umma wanaonisoma. Takwimu zetu za uvuvi huhesabu kilo zinazofika sokoni. Ofisi moja hushughulika na nyavu, nyingine na mikoko, nyingine na hali ya hewa, na nyingine na nishati. Tumerithi meza tatu za mwaka 1914 na kuziongezea ya nne. Tafi na changu hukulia katika majani bahari na pembezoni mwa mikoko. Kibali cha kujenga ufukweni, kwa hiyo, ni uamuzi wa uvuvi hata kama idara ya uvuvi haikuulizwa.

Kuyalinda makazi hayo hakutazuia joto wala asidi, ambavyo kwa sehemu kubwa havikutoka kwetu, na hilo lazima tulidai katika meza za kimataifa. Lakini dai hilo lisiwe kisingizio cha kuacha kazi iliyo mikononi mwetu. Wala mvuvi asibebeshwe peke yake lawama ya rika lililokufa kabla halijaujua wavu.

Wanafunzi wangu nawaachia kazi moja. Siku mtakaposomewa taarifa ya mavuno ya samaki, ulizeni samaki hao walizaliwa mwaka gani, maji ya mwaka huo yalikuwa na joto na asidi kiasi gani, na ni nani aliyepima. Mkiambiwa hakuna aliyepima, mtakuwa mmepata mahali pa kuanzia kazi yenu.